Mstari wa Sababu

Fomu yetu ina mistari kumi na miwili.
Jina. Umri. Simu ya ndugu wa karibu.
Una mzio? Una mimba? Unanyonyesha?
Wa mwisho umeandikwa: Sababu,
na nafasi yake haizidi vidole vitatu,
kama kwamba mchapaji wa pale Majengo alijua
hakuna atakayesema kweli.

Wanaandika: urembo.
Wanaandika: kawaida tu.
Mmoja alichora kistari, akanirudishia kalamu.

Lakini mimi ndiye mpaka ganzi,
na ganzi hukolea kwa dakika ishirini,
na dakika ishirini, kwa mtu aliyelala chali
akihesabu vigae vya dari, ni safari.
Midomo hulegea kabla ya ngozi.

Eliwaza ni karani wa masijala kule Mtumba.
Alihamishwa kutoka Dar pamoja na mafaili.
Miaka mitano anakunja uso kwa jua na vumbi
kati ya kituo cha basi na lango la wizara.
"Sijakasirika," aliniambia. "Ila bosi mpya
kila asubuhi ananiuliza nimeudhiwa na nani.
Vijana wameacha kupita mezani kwangu.
Jua la Dodoma limenisingizia hasira,
nami nimechoka kukanusha."

Mwaja alitoka Hombolo na pesa ya zabibu
fundoni mwa kanga, noti zikinata utamu.
Aliona alama ya wembe kwenye paji langu,
akanisalimia "Mbukwenyi," akavua viatu
kama aliyeingia kwa shangazi.
"Mzee alifariki mwezi wa pili.
Nililia mpaka wa nane, nikamaliza.
Lakini uso haujapata taarifa.
Kila ninakopita wananipa pole upya,
nami kila pole inanirudisha kaburini."

Yule wa miaka ishirini na sita
jina lake silitaji. Alinionyesha simu:
mumewe amemtumia picha ya mwanamke mwingine
na chini yake neno moja, *mfano*.
Nilimdanganya kwamba ganzi bado.
Nikamwongezea dakika kumi, labda angeinuka,
angekumbuka kitu jikoni, angekwenda.
Hakuinuka.

Na mwalimu wa Bahi, huyo alicheka:
"Sababu? Mume wangu ana pikipiki mbili
na matako ni yale yale.
Nani amemwekea fomu?"

Wengine hunigeuzia swali.
"Na hiyo ya kwako, dada, hamwezi kuiondoa?"
Hapo katikati ya nyusi, duara dogo,
bibi alinichanja Mvumi nikiwa na miaka mitatu,
macho yamevimba, zahanati iko mbali,
akapaka masizi akasema utaona.
Niliona. Sijui kama ni wembe au ni siku tu.
Nikikunja uso linajikunja nalo
kama tundu la kifungo.
Daktari amesema mara mbili: wewe ni bure.

Usiku, chumbani Chang'ombe, kioo kimeegemea ukuta,
huvuta ngozi ya mashavu kwa vidole viwili.
Anatokea msichana fulani.
Nikiachia, anarudi ndani
bila kuaga.

Eliwaza alirejea baada ya wiki mbili kukaguliwa.
Paji limetulia kama maji ya mtungini.
Bosi hamuulizi tena. Vijana wanapita, wanaketi.
"Juzi," akasema, "wamenikata jina kwenye safari,
safari niliyoiandikia barua mimi mwenyewe.
Nilikasirika, dada. Nilikasirika kweli.
Nikasimama mlangoni mwa ofisi muda mrefu.
Hakuna aliyejua."
Akacheka, mdomo peke yake ukicheka,
kisha akaomba miadi ya mwezi wa tano.

Fomu yangu iko chini ya boksi la glovu.
Nimeijaza kwa wino mweusi, mwandiko wangu mzuri.
Mistari kumi na mmoja.