Aliye Ndani Simjui

Mimi ndiye niliyekuwa nikichana tiketi
mlangoni pa sinema, Duluth, juu kidogo ya bandari.
Kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Verna Halvorsen, binti wa mpakia madini,
aliimba redioni Ijumaa usiku, mwaka wa arobaini na sita,
kati ya tangazo la sabuni na bei ya ngano.
Sauti ilikuwa na mkwaruzo,
kama mlango wa ghala unaofunguliwa kwa upole.
Ziwa lilikuwa limeganda. Watu walizima magari wamsikie.

Wakaja wa Kalifornia na mkataba wa miaka saba.
Wakamnyoa nyusi, wakamchonga meno mawili,
wakambandika jina fupi la kuenea kwenye taa: Lila Dane.
Mkataa kwao mtumwa, walinong'ona kanisani.
Lakini aliyekataa si yeye.

Filamu ya kwanza ilipotufikia
mamake, Bi Borghild, alikaa safu ya tatu, kofia magotini.
Pale kwenye kitambaa cheupe bintiye akafumbua kinywa:
ikatoka sauti laini, siagi iliyosahaulika karibu na jiko.
Ukumbi ukapiga makofi. Mama akainuka.
Akanipita mlangoni bila kuniangalia.
"Mdomo ni wa mwanangu," akasema. "Aliye ndani simjui."

Filamu kumi na moja
alifumba na kufumbua kulifuata koo la mwanamke mwingine,
aliyelipwa kwa saa, asiyeandikwa jina popote.
Sijui nani kati yao aliibiwa zaidi.

Barua zilikuja:
*leo nimepanda ngamia wa mbao,
leo nimebusiwa mara kumi na tisa na mtu aliyekula vitunguu.*
Kisha kutoka mpenzi akawa dada wa mpenzi,
kisha mama mwenye nyumba,
kisha mkono tu, unaomimina kahawa kwenye tangazo.

Alirudi Machi ya sitini na mbili, kwa basi,
na viatu visivyojua theluji. Nilimbebea sanduku.

Bi Borghild alikuwa kiziwi tayari.
Jikoni, viazi vikichemka,
Verna, koti bado mwilini, akauimba ule wimbo wa redioni.
Mimi nimesimama mlangoni, sanduku mkononi,
sikuthubutu kulitua.
Bibi akainua mkono wenye unga,
akauweka kooni mwa bintiye,
akangoja mpaka mkwaruzo ulipopita chini ya vidole.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja.
Kisha akamwambia apunguze moto.