Kipande cha Kijani

Nimenunua gari la mfagia dohani
ili nibebe mikate.
Usinicheke. Bei ilikubalika,
na huku milimani Wales, mwezi Februari,
mtu hachagui gari, gari ndilo linalomchagua.

Heulwen alinipokea na kadi mkononi,
kurasa zimelainika kama kitambaa cha kufutia vyombo.
Jina ndani yake ni Emrys,
Emrys aliyelala nyuma ya kanisa tangu Novemba.
Na serikali imeonya kwa herufi nzito:
hati hii si uthibitisho wa kumiliki.
Anayetajwa humu ni mtunzaji tu.

"Miaka kumi na mitatu," akasema Heulwen,
"nilidhani gari ni letu."

Tukakaa jikoni. Birika likalalamika.
Akachana kipande cha kijani kwenye mstari wa vitobo,
taratibu, kama anayebandua plasta kwenye goti la mtoto,
akanisukumia juu ya meza.
Kilichobaki ni cha kupelekwa Swansea
pamoja na barua: tarehe ya kifo,
na uhusiano wako na marehemu.
Tarehe aliiandika bila kusita.
Kwenye uhusiano kalamu ikakwama.
Akaandika "mke". Akakata. Akaandika "mjane".
Akalikata hilo pia, akarudia la kwanza,
akaligandamiza hadi karatasi ya chini ikapata kovu.

Kodi haihami na gari.
Hufa siku ya mauzo, haina mirathi.
Salio atarudishiwa yeye, miezi mizima tu,
nami nitalipa kuanzia tarehe mosi
ingawa leo ni ishirini na tatu.
Februari moja, gari moja,
tumeinunua sote wawili,
na serikali imekula kwa mikono miwili.

Bila kodi gari halitoki hata hadi kwenye kona.
Basi nikaenda posta kwa miguu,
maili mbili, mvua ya kupiga ubavu,
kipande nimekifunga katika karatasi ya mkate, kifuani.
Bwana Pugh akavaa miwani,
akasoma tarakimu kumi na mbili, moja moja,
kama mwalimu anayeita majina.
Ukaguzi? Umepita, ila tairi moja ya nyuma imepewa onyo.
Bima? Tangu saa nne asubuhi.
Yote kwa mkupuo, au kila mwezi?
Kila mwezi. Mkate nao huuzwa mmoja mmoja.
Mashine ikatafakari. Foleni ikakohoa mgongoni mwangu.
"Tayari," akasema.
Nikabaki nimekinga mkono, nangoja stika.
"Hakuna stika siku hizi, binti.
Umelipa. Wanajua."

Niliporudi, nikaona kwenye kioo cha mbele, pembeni,
duara la karatasi la zamani,
la mwaka wa mwisho zilipotolewa,
limepauka hata mwezi wake hausomeki.
"Libandue ukitaka," Heulwen akasema kutoka mlangoni.
"Yeye alikuwa akisema kioo kisicho na duara ni kipofu."
Sikulibandua.

Kadi mpya imefika wiki ya nne.
Mtunzaji: mimi.
Nimelisugua gari kwa siki mara saba,
hata hivyo nikiwasha kipasha joto
masizi membamba hutoka penye matundu,
hunitua kwenye mkono wa shati.
Gethin wa duka la mbegu anadai mkate wangu una moshi.
Ananunua miwili.

Heulwen hununua mdogo, kila Ijumaa.
Huupindua, hunusa upande wa chini,
kisha huhesabu sarafu polepole kuliko inavyohitajika.
Ijumaa iliyopita akaniambia hundi imekuja,
paundi arubaini na kitu.
"Kwa jina langu," akasema.
"Wameliandika bila kosa."