Gurudumu la Kushoto

Holo alinionyesha ile picha kwenye simu
nikiwa na toroli la Nshoma miguuni,
kiraka cha tatu wiki hii.
Gundi ikanikaukia kidoleni.

Gurudumu la kushoto, lile la katikati:
bati limechanika, tundu la kupita ngumi.
Huko Mirihi, akasema, mawe yana ncha.
Mwanangu, Mabatini nimekaa miaka arobaini,
utanifundisha mawe?

Tangu hapo, nikishafunga boksi la vifaa, namuuliza:
kimefika wapi kile kigari?
Mita kumi na nne. Jana tisa.
Juzi kililala tu, vumbi limekifunika uso.
Wanaokiendesha wako huku huku duniani,
neno lao husafiri robo saa ndipo kisikie.
Nami natuma langu, mdomo karibu na kioo:
pita kulia, bwana, hilo jeusi halina adabu.

Kinatafuta mahali palipokuwa na ziwa.
Kinatoboa, kinaonja udongo, kinanyamaza.
Ziwa sisi tunalo, lile pale chini linameta,
na bomba halijatoa tone tangu Jumanne.

Ndiyo maana Nshoma ana haraka,
madumu sita ya kupandisha mlimani.
Nimelibonyeza tairi kwa gumba, likabonyea, likarudi.
Litafika?
Litafika.

Alipofika kwenye kona ya msikiti nikaliona lile jiwe.
Kulia! nikapiga kelele. Pita kulia!
Sauti ilipomfikia
gurudumu lilishapanda.