Miguu ya Sohar

Kwetu Sohar haingii mtu dukani kunywa chai.
Unasimamisha gari mlangoni, unapiga honi,
moja tu, fupi, ya pili ni ufidhuli,
na Shafikuli hutoka na trei yake ya bati:
karaki mbili, porota moja ya jibini,
chenji imo tayari kiganjani.
Miaka tisa namjua Shafikuli
kuanzia kiunoni kwenda juu.

Duka la dawa, honi. Dobi, honi.
Shuleni kwa Shinuna ni foleni ya magari
na jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa kiooni.
Jirani yangu Bi Rayya tunapungiana mikono kwenye taa nyekundu
kama watu walio katika televisheni mbili.
Bibi yangu, Mungu amrehemu, alitoka Wete na maneno yake:
mtembezi hula miguu yake.
Mimi hapa sijala hata kidole.

Jumanne moja ya Agosti gari likanizimikia sanaiya.
Fundi akafunua boneti, akatazama, akajifuta mikono
kabla hajashika kitu.
Bukra, akasema.
Bukra ya mafundi ina siku nne.
Yarubi yuko zamu ya usiku bandarini, simu wameziacha getini.
Teksi ya kwanza imejaa,
ya pili inaijua bei ya mwanamke aliyekwama.
Nikasema: kilomita mbili na nusu, nitafia wapi?

Kumbe njia ya miguu ipo!
Matofali mekundu kwa kijivu, yamepangwa kwa ustadi
sijui kwa ajili ya nani,
yanakwenda, yanakwenda, yanagota kwenye ukuta wa mtu,
yanaanza tena upande wa pili kana kwamba hakukuwa na neno.
Magharibi ilikwishaswaliwa. Jasho lilinishuka hadi visiginoni
na upepo wa viwandani una ladha ya sarafu ulimini.

Ukuta ambao kila siku ni rangi ya mchanga inayopita,
nyuma yake mtu anakaanga vitunguu.
Mtoto anahifadhi sura, anakwama
palepale nilipokuwa nikikwama mimi,
na sauti ya kike, bila kugeuka nadhani, inamkumbusha.
Chini ya kila kiyoyozi kinachodondoka
pameota kijani, upana wa sahani,
na paka amelala juu yake kama mwenye hati.

Magari matatu yalisimama.
Kuna nini, dada? Umefikwa na nini?
Kutembea hapa ni habari ya msiba.
La tatu lilikuwa la Bi Rayya.
Akafungua mlango, baridi ikanipiga usoni.
Nikamwambia, teremka wewe.
Akacheka, akatazama viatu vyake,
akatazama njia,
akasema watoto wananisubiri.

Basi nikafika mbele ya duka la chai, sina honi.
Nikasimama. Nikakohoa.
Shafikuli akatoka, akatafuta gari nyuma yangu,
kulia, kushoto,
nami nikatazama chini, nikaviona:
kandambili mbili zisizo ndugu,
moja ya buluu, moja imefungwa kwa waya,
na kidole gumba kilichopondeka zamani kikapona vibaya.
Naye akatazama vyangu, vumbi hadi kwenye kifundo.
Mama, akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
kumbe nawe unayo miguu.

Akanitolea kiti cha plastiki, akakifuta mara mbili.
Chai ikaja kwenye bilauri.
Sikujua kwamba bilauri zipo.
Nilikunywa polepole, na kila honi ilipolia
yeye alikimbia, na mimi
nikawa nusu nimeinuka.

Jumamosi gari likarudi.
Nimepiga honi, moja, fupi.
Akaja na vikombe vya karatasi, akahesabu chenji,
kisha akainama kidogo dirishani
akachungulia chini ya usukani,
kuhakikisha.