Magari Matatu na Nusu

Ukiniuliza kiwanda kilikuwa wapi
nitakuonyesha doa la oili chafu
huku Limbani, nyuma ya nyumba yetu,
ambapo hadi leo hakuoti kitu
ila mchicha mmoja mkaidi.

Kampuni nzima ilikuwa watu watatu:
baba yangu, Shaame Faki, aliyejua vyuma;
Asaa Khatib, kiziwi, aliyesikia injini kwa viganja;
na mimi, Mize, mshika kurunzi,
mwandishi wa daftari la madeni.

La kwanza, mwaka wa sitini na tisa.
Injini ya Pijo iliyopinduka Mtambwe,
bodi ya madebe yaliyonyooshwa kwa nyundo,
kiti kimesukwa kwa usumba.
Baba akachora popo kwenye boneti,
popo wetu wa Pemba, mwenye uso wa mbwa.
Litatoka usiku, akasema.
Mchana njia ni ya karafuu.
Kweli, msimu ule majamvi yalianikwa
mpaka katikati ya lami,
na nani angethubutu kukanyaga punje moja?

La pili lilimnyima mama sufuria,
ile kubwa, ya pilau za watu.
Iliyeyushwa, ikawa pistoni.
Daftari linasema, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano:
*Sufuria moja, ya Bi Riziki. Tutalipa.*
Hatukulipa.
Kila ilipofika hitima, mama akaazima kwa jirani,
akamtazama baba, akanyamaza kwa sauti kubwa.

Gari hilo halikuishi. Tulilichinja likalisha la tatu.

La tatu ndilo lililovuka maji,
limefungwa kamba sitahani baina ya mbuzi.
Sheha alikuja bandarini kutuaga:
Shaame, mwenda pole hajikwai.
Wala hawahi jamaa, baba akajibu.

Unguja, magari tisa yakapanga mstari.
Letu likaongoza mzunguko mmoja na robo.
Nautaja mzunguko huo na robo yake
kama wengine wanavyotaja Hija yao.
Kisha pistoni ikapasuka,
na ule moshi, naapa, ulinukia bizari.
Labda ilikuwa njaa yangu.

La nne?
*Fremu, tayari. Matairi, hakuna.*
Ukurasa unaofuata ni hesabu za foleni ya unga.
Asaa akahamia Tanga. Baba akabaki na kifua chake,
kila usiku akikohoa kama gari lisilotaka kuwaka,
hadi usiku mmoja hakukohoa.

Juzi alikuja kijana na kamera.
Mlitengeneza mangapi, bibi?
Matatu na nusu.
Akacheka, akidhani namtania.
Nikampeleka uani, ambako kuku hulala juu ya ile nusu,
nikaweka kiganja kwenye chuma, kama Asaa.
Kilikuwa cha moto.
Jua tu hilo, najua.
Lakini kuku wote walikuwa wameruka.