Kibaba Kimejaa

Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakumjua mwanangu Msellem,
ambaye kibaba chake kilifurika
kabla hajaota magego.
Akiba haiozi, kweli.
Ndiyo maradhi yenyewe.

Mwili wake hautupi kitu.
Minyororo ya sukari iliyokwisha kazi
hubaki ndani, chembe juu ya chembe,
kwenye ini, kwenye vifundo, nyuma ya masikio,
kama nyumba ambayo mfagizi wake
hakuzaliwa.

Mfagizi tunaletewa kila Alhamisi.
Anafika kwa gari jeupe, ndani ya sanduku la barafu,
amelala katika vichupa vitatu,
na Muuguzi Entwistle huvishika kama mayai ya njiwa.
"Ukivitikisa vitatoa povu," aliniambia siku ya kwanza,
"na baada ya povu ni maji tu."
Saa nne nzima, tone nyuma ya tone,
kupitia kijilango chini ya mtulinga,
mvua ya Bolton ikiandika na kufuta dirishani,
Msellem akitazama katuni bila sauti
kwa sababu vifaa vya masikio vinamwasha.

Mimi usiku napima unga kwenye kiwanda cha mikate.
Mizani naijua.
Ini limerudi chini ya mbavu, asante.
Ngazi anapanda mwenyewe, akishika ukuta, asante.
Lakini neno "kijiko" liliondoka mwezi wa Machi,
na "viatu" likalifuata,
maana ubongo una bawabu,
na bawabu hamtambui mfagizi wetu.
Hodi zake zote zinaishia barazani.

Juzi, Manchester, ghorofa ya tano,
Daktari Ravindran alituchorea nyuma ya bahasha:
chuma, alisema, hupita lango lile kila siku,
kina hamali wake.
Sasa kuna dawa mpya ya majaribio:
wamemfunga mfagizi
mgongoni mwa hamali wa chuma,
apite kama mzigo.
Labda.
Alilitamka neno hilo mara sita, nilihesabu.
Watoto kumi na wawili. Karatasi ishirini za kutia saini.
Zuwena aliuliza swali moja tu:
"Na maneno yaliyokwenda, yatarudi?"
Daktari akaikunja bahasha, akaikunja tena.
Hakusema labda.
Nikamheshimu kwa hilo.

Tulitia saini kwa kalamu ya kuazima.

Jioni mama alipiga simu kutoka Wete.
"Kapona?"
Kiswahili changu chote, na sina kitenzi.
Hajapona. Wala hayuko alipokuwa.
"Anafagiwa, mama."
"Anafagiwa?"
"Ndiyo. Kila Alhamisi. Na sasa wanataka kumfagia kichwani."
Kimya. Kikohozi chake. Kuku wa jirani.
"Basi mwambie huyo mfagizi," akasema,
"asiruke pembe."