Kona ya Shuka

Mlango wa mbele una ngazi saba.
Mama alizihesabu kwa sauti, ameinua gauni,
na kwenye ya saba akasimama
kama mtu aliyesahau sufuria jikoni.
Miaka ishirini na mitatu aliingilia nyuma,
kwenye mapipa, korongo waliponyang'anyana vichwa vya mbuta,
na kila jioni akipekuliwa mkoba,
akipekuliwa hata kilemba.

Leo bawabu amemwita madamu.
Mama akageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Enzi hizo Kisumu ilikuwa makao makuu ya jimbo,
na jimbo lote lilikuja kulala hapa:
wakuu wa wilaya na mafaili yao, maaskofu,
mabwana wa sukari kutoka Muhoroni,
wazungu waliotafuta kaburi la babu
aliyeuawa na malaria reli ilipofika ziwani.
Wote huacha kitu kwenye shuka, asema.
Mvinyo. Wanja. Wino.
Na machozi: hayo huyaoni mpaka pasi ipite,
ndipo yanapotoa ukingo wa manjano.
"Apigaye pasi haogopi mkubwa yeyote."

Chumba mia mbili na nne kinatazama ziwa.
Nililipia ziwa.
Nikafungua mapazia kama mwenye ziwa.
Yeye aliliangalia kidogo, gugu maji limelifunika nusu,
akasema, "Lipo,"
kisha akainama kitandani akafunua kona ya shuka.

Alikuwa akitafuta uzi mwekundu.
Kila shuka lilikuwa na namba,
kwa mkono wake, au wa Nyangweso,
au wa marehemu Rispa aliyeshona saba kama moja
akawavuruga makarani wa stoo mwaka mzima.
Akafunua kona ya pili. Ya tatu.
Ya nne akaiachia polepole.
"Haya yanafuliwa nje. Na kampuni."
Akalitandaza tena shuka,
kama anayemfunika mtoto wa jirani.

Ukumbini, chini ya feni, tuliletewa ngege
kwenye sahani iliyomzidi samaki kwa kila upande.
Mama akaomba ugali.
Ukaja na umbo la kikombe.
Alicheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha meza,
halafu akakikunjua, akakagua pindo.

Usiku niliamka nikamkuta kitini, dirishani,
miguu ndani ya slipa za hoteli zisizotolewa karatasi.
"Mama, hulali?"
"Nalala. Naanza na kiti."

Taa mbili tu zilikuwa zinawaka gatini.
Akasema, bila kugeuka:
mwaka ule wa mvua nyingi stima ilipotea,
mimi na Rispa tukaingia chumba kama hiki, gizani.
Tukakubaliana: kila mmoja alale kitandani,
ahesabu mpaka mia, ashuke.
Rispa alianza. Alifika mia, tena taratibu, mjinga yule,
kama aliyelipia.
Zamu yangu nikafika arobaini na moja,
nikasikia viatu kwenye veranda.

Basi akainuka. Akavua kilemba,
akalala chali, mikono ubavuni, kama anayepimwa nguo.
"Arobaini na mbili," akasema.
"Arobaini na tatu."
Nilimsikia hadi sitini na nane.
Baada ya hapo vyura tu, na friji ndogo ikinguruma.

Asubuhi msichana wa usafi alibisha,
akatazama kitanda, akanitazama mimi:
"Hamkulala hapa?"
Shuka lilikuwa limevutwa hata sarafu ingeruka juu yake.
Mama alikuwa bafuni, anajifanya hasikii.

Tukashuka. Mlango wa mbele, jua, ngazi saba.
Bawabu akatutakia safari njema.
Na mama, kabla sijamshika mkono,
akaufungua mkoba wake, akamnyoshea.
Kijana alibaki kautazama,
leso, miwani, kadi ya kliniki,
hajui afanye nini.